UZI: Pijo 404 stesheni ya babu, mikono yote iliyopitia na tunavyoirudisha barabarani

#1 Mleta uzi (Moshi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye chai ajimiminie kabisa. Nataka kueleza habari za gari moja, Pijo (Peugeot) 404 stesheni, ile ndefu yenye safu tatu za viti, babu mzaa baba aliimiliki, ikauzwa, ikazunguka kwa watu miaka mingi, sasa imerudi kwenye ukoo ikiwa haina taa wala klachi. Naandika kwa sababu naona watu wakipata gari ya zamani wanakimbilia gereji kunyoosha bodi na kupiga rangi. Mi nasema kwanza tafuta wenye gari. Kila aliyeimiliki kaacha kitu humo ndani, usipojua kaacha nini na kwa nini utatoa kizima ubakize kibovu.

Kwa wadogo zetu ambao hawajaiona: 404 ilitoka 1960, umbo walichora Pininfarina wa Italia. Injini yake ya kawaida ni cc 1618, imelazwa upande nyuzi 45 ili boneti ikae chini, gia ziko kwenye usukani, na tairi inashikwa na nati tatu tu. Stesheni si saluni (ile fupi ya buti nyuma) iliyowekewa paa refu, ukipima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma unapata mita 2.84 wakati saluni ni 2.65, na springi za nyuma ziko mbili kila upande. Ilitengenezwa kubeba mzigo kweli kweli.

Sasa wamiliki. Wa kwanza kwenye kadi ni mlowezi mwenye shamba la kahawa upande wa West Kilimanjaro, aliinunua mpya 1967. Mashamba ya walowezi yalipotaifishwa 1973 akaondoka, na kabla ya kuondoka akauza vitu vyake, babu akachukua gari. Babu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, na baba anasema gari ilikuwa ya kijiji kizima kwa sababu wagonjwa, maharusi, misiba, wote walipanda hiyo hiyo.

Halafu mambo yakaanza kubana. 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, babu akabaki na migomba yake. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa na mpaka na Kenya ukafungwa, na hapa lazima muelewe sisi watu wa Moshi spea tulikuwa tunafuata ng'ambo ya Holili, Taveta ni hapo tu, mara ghafla hapapitiki mpaka 1983. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakawa ya kutafuta kwa tochi, Jumapili kuanzia saa nane mchana gari binafsi haitembei bila kibali. Babu akasema gari ya kuangalia haina faida, 1980 akamuuzia jamaa mmoja wa Majengo hapa mjini ambaye aliifanya taxi bubu, Moshi Arusha, Moshi Same, watu tisa kumi humo ndani.

Huyo ndiye aliyekaa nayo muda mrefu na ndiye tuliyejifunza kwake zaidi. Baadaye akaiuzia shule moja ya sekondari huko Upareni, wakang'oa safu ya tatu ya viti wakawa wanabebea unga na madaftari, wakaipaka bluu ya sare. Klachi ilipoisha wakaiegesha chini ya mkwaju na ikakaa hapo. Namshukuru Mungu walioiegesha ni watu wa Same ambako mvua ni ya kuhesabu, maana ingeegeshwa Tanga leo ningekuwa naleta uzi wa kuuza vyuma chakavu.

Naendelea kesho na injini, ila maswali ruksa.

#2 Mchangiaji (Dar)

Mkuu nimesoma mpaka mwisho, hongera kwa kuirudisha. Ila ushauri wa bure, chukua injini ya Toyota na giaboksi yake, tupia humo, spea zimejaa Gerezani hadi njiani, ndani ya wiki unatembea. Hizo injini za Kifaransa utalia.

#3 Mleta uzi

Asante mkuu, huo ushauri nimepewa na kila aliyeiona gari, kwa hiyo nijibu vizuri. Propela shafti ya 404, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma, haiko wazi kama ya Toyota, iko ndani ya bomba la chuma lililofungwa moja kwa moja na difu (gia za mhimili wa nyuma), na hilo bomba ndilo linalosukuma gari mbele. Ukitoa giaboksi yake huna pa kulifunga, inabidi utoe na bomba, ukitoa bomba difu nayo inatoka, ukitoa difu springi nazo hazina pa kukaa. Mwisho wa siku una Toyota iliyovaa bati la Pijo na mhimili wa nyuma uliochomelewa na mtu ambaye hujui alilalaje usiku wake. Siwezi kupakia watoto humo.

Alafu injini yenyewe sio mbaya kama mnavyosikia. Slivu zake, yaani mabomba ambamo pistoni zinatembea, zinachomoka, maji ya kupooza yanazigusa moja kwa moja, kwa hiyo bloku haichongwi, unanunua seti ya slivu na pistoni zake, unachomoa za zamani unaketisha mpya. Pistoni ni milimita 84, zinapanda na kushuka milimita 73, ukipiga hesabu silinda moja inakupa cc 404 na nukta, imetokea tu hivyo maana jina la gari ni mfuatano wao wa 203, 403, 404, ila mi hesabu hiyo inanifurahisha kila nikiifikiria.

#4 Mchangiaji (Arusha)

Kijana nimekusoma kwa raha sana. Mimi ni mtu wa umri kidogo, hizi gari tumezishangilia barabarani. Safari Rally ya 1963 aliichukua Nowicki na mwenzake Cliff na 404, na 1966 na 1967 mfululizo wakachukua Bert Shankland na Chris Rothwell, na huyu Shankland alikuwa anaishi hapa hapa Tanzania kwa hiyo tulimhesabu wa kwetu. 1968 Nowicki na Cliff tena. Mwaka 1963 na huo 1968 mvua ilinyesha, kila mara magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, katika msururu wote ule. Baada ya hapo kila mwenye hela yake kidogo alitaka Pijo, mapadre, madaktari, wakaguzi wa shule. Watu walinunua kile walichokiona kinatoka kwenye tope.

Swali langu, huyo wa taxi bubu yuko hai? Kama yuko muulize feni alifanyaje.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Yuko hai na swali lako limenishtua, maana hiyo hiyo feni ndiyo ilinifanya nimtafute.

Kwa wasiojua, feni ya 404 haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme, injini ikiwa baridi feni inakaa tu, ikipata moto sumaku inaishika ndiyo inazunguka na puli. Kitu cha kisasa kwa miaka ile. Yetu tulikuta skrubu zimekazwa mpaka mwisho, feni imeshikana na puli haiachii. Fundi wangu akasema hii imeharibika, ng'oa. Mi nikasema ngoja.

Nikaenda Majengo kwa mzee (sasa hivi ni mzee kweli, anatembea na fimbo), nikamwamkia, nikamwambia mimi mjukuu wa fulani, akanishika mkono hakuuachia mpaka nimekaa. Akaniambia sumaku ilikuwa nzima kabisa, kilichoisha ni kile kipande cha kaboni kinachopeleka umeme, mpaka umefungwa, hakipatikani, basi akakaza skrubu feni izunguke siku zote, hasara yake ni mafuta kidogo na kelele. Tukarudi gereji, tukalegeza skrubu, tukachonga kaboni kutoka kwenye brashi za stata ya lori, tukapima upana wa nafasi, feni ikashika. Kizima kilichokuwa kinaenda kutupwa.

Akanieleza na mengine. Kabureta iliyopo si yake, ni ya Datsun, aliifunga kwa bamba alilochongesha kwa sababu ya kwake iliibiwa stendi. Maunti za injini amezikata kwenye tairi la lori, na kweli tulizitoa tukaona nyuzi za tairi zinaonekana, zimekatwa kwa kisu zikapigwa sindano ya moto kutoboa tundu la bolti, kazi safi ya mtu aliyepima kabla ya kukata. Zile hatukuzirudisha, raba imekufa na injini imelala upande inahitaji kushikwa vizuri, ila nimezihifadhi kwenye boksi na nimeziandikia tarehe.

Kubwa kuliko yote ni difu. Ngoja nile nije.

#6 Mchangiaji (Nakuru)

Salamu kutoka Kenya wadau. Mkuu usihangaike sana na spea, huku 504 imeunganishwa miaka na miaka, hadi 2004, na vitu vingi vinaingiliana. 504 ya kwanza ile ya cc 1796 pistoni ni 84 kama yako, ilichoongeza ni urefu wa mwendo tu, milimita 81. Ukifika Nairobi teremka Kirinyaga Road, wazee wengine bado wanaiita Grogan, uliza maduka ya Peugeot ya zamani usiulize kwa vijana wa mlangoni, ingia ndani uulize mzee mwenye daftari. Beba mfano wa kila kitu mkononi. Picha ya simu haisaidii, watu wanataka kushika chuma.

Na usiseme unatengeneza gari la maonyesho, bei itapanda. Sema ni la shambani.

#7 Mleta uzi

Mkuu wa Nakuru nakushukuru sana, slivu na pistoni nilizipata huko huko na ulivyosema ndivyo ilivyokuwa, mzee mwenye daftari.

Haya difu. 404 haina difu ya kawaida ya pinioni na kraunwili kama mnavyozijua. Ina skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Inatembea kimya mno, nguvu inabebwa vizuri, ila ina masharti kwenye oili. Oili nyingi za difu za siku hizi zina dawa ya salfa ya kulinda chuma kwa chuma, na baadhi ya hizo dawa zinakula shaba. Pijo wenyewe zamani walitaka humo oili yenye asili ya mbarika (nyonyo).

Sasa fikiria, gari imepita mikono ya mlowezi, karani, taxi bubu na shule, nani atakuwa ameheshimu masharti hayo? Mi nilishajiandaa kisaikolojia kwamba tukifungua tutakuta meno yameliwa. Tukaweka beseni chini, fundi akafungua nati, ikaanza kutoka oili nzito nyeusi polepole mpaka ukadhani haitoki, harufu yake si ile harufu kali ya oili ya difu. Nikaichovya kidole nikaipaka kwenye karatasi nyeupe nikaiinua juani nitafute vumbi la dhahabu dhahabu, maana shaba ikiliwa inaonekana kwenye oili inametameta. Hamna. Tukafungua kifuniko, tukapiga tochi, meno yamesimama, yana mng'ao upande mmoja tu ule unaobeba mzigo wa kwenda mbele.

Nikampigia mzee wa Majengo. Akacheka akasema, miaka ile oili ya dukani ilikuwa hakuna, tulinunua mafuta ya mbarika kwa akina mama sokoni, dereva mmoja wa mission ndiye aliyetuambia Pijo inayapenda. Shida ya nchi ndiyo iliyoitunza hiyo difu. Aliyekuwa na hela na duka zuri huenda angeijaza oili ya salfa akaimaliza.

Sasa hivi nimeweka oili ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba haidhuru shaba, na mnaotaka kufanya kazi hii tafadhali someni kopo kabla ya kumimina, msisikilize mtu wa kaunta.

Bodi nayo. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imechomelewa kiraka, na mafundi wawili walitaka kukikata waweke bati jipya. Nilikigonga kwa bisibisi kutoka chini, kinalia kama kengele, mshono umenyooka, hakuna kutu pembeni. Kimebaki. Kizingiti cha kushoto ndicho kilichokuwa kimeoza, na hakikuonekana kwa sababu shule walipiga puti nene juu yake na ile rangi ya bluu, ukitazama kwa macho ungesema upande wa kushoto ndio mzima na wa kulia ndio mbovu. Tulipita na sumaku, upande wa kushoto ikawa inadondoka. Hapo tumekata na kuunda upya.

#8 Mchangiaji (Tanga)

Kaka pole na kazi, mi ni dada ninayefuatilia kimya kimya, baba yangu alikuwa na saluni yake. Naomba kuuliza kuhusu rangi. Bila shaka mlowezi alikuwa na rangi yake, taxi yake, shule yake. Mnarudisha ipi? Na ukoo mmekubaliana? Kwetu gari la baba lilitugombanisha mpaka likauzwa.

#9 Mleta uzi

Dada yangu pole sana kwa hilo, na swali lako ni la maana.

Tulikwangua nguzo ya mlango wa nyuma kwa msasa wa maji taratibu, eneo la ukubwa wa kiganja, rangi zikajitokeza kwa duara moja ndani ya nyingine: nje bluu ya shule, kisha nyeupe ya taxi, kisha nyeupe nyingine iliyochafuka kidogo ambayo hatukuielewa, ndani kabisa kijivu cha kiwandani. Ile nyeupe ya katikati baba mdogo ndiye aliyeitambua, akasema babu aliipaka mwenyewe kwa brashi mwaka mmoja kabla ya harusi ya shangazi, kwa rangi iliyobaki ya ghala la kahawa. Ukiangalia kwa pembeni mistari ya brashi inaonekana.

Kikao cha ukoo kilikuwa kirefu. Baba alitaka nyeupe ya babu, mabinamu wa mjini wanataka nyekundu (nyekundu haijawahi kuwepo, hao niliwanyamazisha), shangazi akasema babu mwenyewe aliinunua ya kijivu na aliipenda ya kijivu, nyeupe ilikuwa ya shida tu. Shangazi ndiye mkubwa, ikapita kijivu. Ila nimeomba kitu kimoja na wamekubali, ile nguzo ya mlango tuliyoikwangua haipakwi. Inapigwa klia tu juu ili isishike kutu, ukifungua mlango unaziona zote.

Viti vya safu ya tatu shule walikuwa navyo stoo, vilikuwa vinakaliwa na walinzi. Walitupa bila kudai kitu, tuliwapelekea madawati.

Kuhusu umiliki niseme wazi maana ndipo wengi wanapokwama. Kadi ilikuwa bado ina jina la mzee wa taxi, shule hawakuwahi kuhamisha. Bahati yetu yuko hai na shule walikuwa na risiti ya mkono ya mauziano. Wakili akaandaa mkataba kati ya mzee na shule, halafu kati ya shule na sisi, ndiyo tukaenda TRA (mamlaka ya mapato) kuhamisha. Angekuwa ameshafariki tungeanza na mirathi ya watu ambao hatuwajui. Mwenye gari ya ukoo na kadi ina jina la marehemu au la mtu wa zamani, anza na karatasi leo, injini itakusubiri.

#10 Mchangiaji (Arusha)

Nimefurahi sana kusikia habari ya mbarika. Namba ya chasisi umeilinganisha na kadi? Zamani magari yalikuwa yanabadilishwa bodi baada ya ajali.

#11 Mleta uzi

Ndiyo mzee wangu, inalingana, ya kwenye bati na ile iliyogongwa kwenye bodi yenyewe. Kule Ufaransa kuna L'Aventure Peugeot, ndio wenye makumbusho ya Sochaux, wanatoa cheti cha gari ya zamani kwa kutumia namba ya chasisi. Nimeshaandika maombi. Nataka nijue ilitoka kiwandani mwaka gani hasa, kwa sababu 1967 ya kwenye kadi ni mwaka wa kusajiliwa.

Ilipofikia leo: injini inawaka, tumeiwasha kwa hendeli siku ya kwanza kwa sababu waya za stata zilikuwa bado, na hendeli yenyewe mzee wa Majengo alikuwa nayo uvunguni mwa kitanda miaka yote hiyo, aliuza gari akabaki nayo akiamini wenye shule wangemrudia kuiomba. Breki zimekamilika. Kabureta ya Datsun bado ipo, inafanya kazi vizuri na sina haraka nayo. Kilichobaki ni vioo, raba za milango, na taa za nyuma. Taa ya nyuma kulia imevunjika kabisa, kushoto nzima. Mwenye nayo aniambie bei.

#12 Mchangiaji (Nakuru)

Ninazo mbili za 404, nilinunua na vitu vingine vya mzee mmoja aliyefunga gereji Njoro. Nitumie namba yako inboksi, kuna basi la kuja Arusha kila asubuhi.

#13 Mleta uzi

Mkuu ubarikiwe sana. Kabla hujafunga mzigo naomba unipigie picha kwa mbele na kwa nyuma palipo na bolti, za saluni na za stesheni hazifanani, ya saluni ina umbo la kufuata kona na yangu imesimama wima. Kama ni ya wima, ya kulia, naichukua leo hii.